Barua kwa Mhariri: Hesabu ya nauli ya angani, kutoka Ngomeni

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Nakuru aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu setilaiti yetu ya Taifa-1. Aliuliza kwa uchungu kwa nini Kenya iliwalipa wageni kuirusha ilhali ikweta inapita kwetu, na Waitaliano walirusha setilaiti zao hapa Ngomeni, karibu na Malindi, tangu miaka ya sitini. Akamalizia kwamba tukijenga kituo chetu cha kurushia, nauli ya kwenda angani kwetu itakuwa kama bure na dunia nzima itapanga foleni mlangoni petu.

Uchungu wake naujua. Mimi ni mzaliwa wa Ngomeni, na tarehe 12 Desemba 1970 nilikuwa mtoto wa miaka 12 nimesimama ufuoni. Ukubwani nilifanya kazi miaka 31 ya ukarani wa shehena katika Bandari ya Kale, Mombasa, nikipima mizigo na kuandika nauli za majahazi. Roketi nimeziona kwa macho, na nauli ndiyo iliyonilishia watoto. Ndiyo maana nimeisoma hesabu ya ndugu yangu mara tatu, na kila mara nimekutana na kasoro ileile. Kasoro hiyo wanayo wengi, hata baadhi ya wakubwa wanaozungumza majukwaani, na siku moja inaweza kutugharimu fedha nyingi sana.

Nianze na nauli yenyewe. Chombo cha Wamarekani kilichoitwa Space Shuttle kiliruka mara 135 kati ya 1981 na 2011. Mtaalamu mmoja wa NASA, shirika la anga la Marekani, alipopiga hesabu mwaka 2018 alikuta kila safari ilikula kama dola bilioni 1.5, na kila kilo iliyofikishwa kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, ile ya karibu, ilisimama kwenye dola 54,500. Roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX, iliyokuwa ikitozwa dola milioni 62 na yenye uwezo wa kubeba kilo 22,800, aliikuta kwenye dola 2,700 kwa kilo. Tuseme gunia la kilo 50, kama zile gunia za unga nilizokuwa nikiziandika daftarini. Kulifikisha kwa Shuttle ni zaidi ya dola milioni 2.7. Kwa Falcon 9 ni dola 135,000. Bado ni nauli ya kutisha, lakini imeshuka mara ishirini.

Imeshushwa na nini? Watu wengi niliowauliza hujibu mafuta, wakidhani Wamarekani wamepata mafuta rahisi. Falcon 9 ikiwa tayari kuruka ina uzito wa tani 549, na sehemu kubwa ya uzito huo ni mafuta ya taa yaliyosafishwa sana pamoja na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Lakini mwenye kampuni, Elon Musk, aliwahi kueleza kwamba mafuta ya safari nzima hugharimu kama dola 200,000. Chukua bei ya dola milioni 62 uigawe: katika kila shilingi 100 anazolipa mteja, mafuta hayafiki hata nusu shilingi.

Gharama ilikuwa chombo. Hebu fikiria jahazi limetoka Lamu na boriti kwenda Ghuba, likafika salama, likapakua, kisha likatiwa moto palepale bandarini, na mwenye mali akarudi nyumbani kuita mafundi waunde jingine kwa safari ya pili. Boriti zile zingeuzwa kwa bei gani? Ndivyo roketi zilivyokuwa tangu mwanzo. Injini zilizoundwa kwa miezi zilifanya kazi dakika chache, zikaanguka baharini, basi. Mnamo Desemba 2015 ndipo sehemu ya chini ya Falcon 9, yenye injini 9, iliporudi ikatua wima baada ya kupeleka setilaiti. Machi 2017 ikarushwa kwa mara ya kwanza sehemu iliyokwisha kutumika. Sehemu hiyo peke yake ni kama asilimia 60 ya gharama ya roketi, na sasa zipo zilizokwenda na kurudi zaidi ya mara 20.

Hapa naomba wasomaji wasikimbilie kusema kwamba basi dawa ni kurudi salama tu. Shuttle nayo ilirudi. Ilitua kwenye uwanja kama ndege, na bado ilikuwa ghali mno. Kila iliporudi, vigae vyake vya kukinga moto, zaidi ya 20,000, vilikaguliwa, injini zikafunguliwa, na jeshi zima la mafundi likaishughulikia kwa miezi. Nimewajua wenye majahazi wa namna hiyo. Chombo kizuri, lakini kila safari kinapandishwa pwani, kinakalafatiwa upya, kinadehenishwa upya, na msimu wa kaskazi unaisha kikiwa bado juu ya magogo. Jahazi hulipa likiwa majini. Falcon zimeshusha nauli kwa sababu zinarudi na pia kwa sababu zinaondoka tena haraka: mwaka 2024 ziliruka zaidi ya mara 130.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijaona likizungumzwa katika magazeti yetu, na kwa karani wa shehena ndilo la kwanza kuuliza. Gharama ya mwenye chombo ni kitu kimoja, na nauli anayotozwa mwenye mzigo ni kitu kingine. Mwaka 2020 Musk alisema kurusha tena Falcon iliyokwisha kutumika kunaweza kuwagharimu wao kama dola milioni 15. Je, bei kwa mteja ilishuka hadi milioni 20? Haikushuka. Kufikia 2022 bei iliyotangazwa ilikuwa imepanda kutoka milioni 62 hadi milioni 67. Kwa wenye mizigo midogo, kampuni ilitangaza mwaka 2019 safari za kuchangia ambapo kilo 200 zilikwenda kwa dola milioni 1, yaani 5,000 kwa kilo. Kufikia 2024 kilo ilikuwa 6,000. Siwalaumu. Bandarini kwetu, siku ambazo jahazi la kwenda Kismayu lilikuwa moja tu, nahodha alitaja bei akaenda kunywa kahawa, na wafanyabiashara wakamfuata. Likiingia la pili, bei ilishuka kabla halijatia nanga. Anayengoja nauli ya angani ishuke zaidi asiangalie roketi zinavyoboreshwa tu, ahesabu ni nahodha wangapi walioko bandarini.

Nirudi Ngomeni, kwa sababu hapo ndipo ndugu yangu wa Nakuru alipotia nguvu zake zote.

Siku ile ya 1970 ilikuwa sikukuu ya uhuru. Wavuvi hawakutoka. Tulikaa juu ya mchanga tangu asubuhi tukitazama jukwaa la Waitaliano la kurushia, San Marco, lililosimama baharini kama meza yenye miguu mingi, na jirani yake Santa Rita, ambako walikaa wenye kuongoza mambo. Mchana, jua likiwa limeshaanza kuinama, moto ukawaka pale mezani. Roketi ilipanda bila sauti, kisha sauti ikatufikia imechelewa, ikapita kifuani. Roketi ile iliitwa Scout, nyembamba, ya hatua nne, na fueli yake ilikuwa kavu. Ilibeba setilaiti ya kilo 140 na ushei ambayo mama mmoja wa NASA, Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa mradi, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku yetu. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na kazi yake ilisaidia kuwaonyesha wataalamu kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Kiongozi wa wanasayansi wake, Riccardo Giacconi, alipata Nobeli mwaka 2002. Siku hizo sikujua lolote katika haya. Nilijua tu kwamba kitu chenye jina letu kimeondoka kwetu na hakikuanguka.

Kwa nini Wamarekani, wenye vituo vyao Florida, walivuka bahari mbili kuja kuirusha kwetu? Ndugu yangu anasema ni kwa sababu ikweta inasukuma roketi bure. Ni kweli ardhi inazunguka, na hapa kwetu inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi ikiondoka inaondoka na kasi hiyo tayari mfukoni, kama chombo kilichopata upepo wa tezi, wa kukisukuma kwa nyuma, kuanzia gatini. Lakini kwenda obiti kunataka kama kilomita 28,000 kwa saa. Na Florida nako ardhi inazunguka: ni kama kilomita 1,470. Tofauti yetu na wao ni kilomita 200 kwa saa. Katika 28,000, hizo ni chini ya asilimia moja. Kwa chini ya asilimia moja hakuna anayepakia roketi melini na kuileta Malindi.

Hesabu iliyowaleta ni nyingine, na nilielezwa na mjukuu wangu wa kike anayesomea uhandisi. Alikaa nami barazani likizo iliyopita, akachukua chungwa na kijiti cha mshikaki. “Babu,” akaniambia, “roketi ikitoka mahali palipo nyuzi 28 na nusu kaskazini, kama Florida, njia yake kuzunguka dunia lazima iiname angalau nyuzi hizo. Ukitaka iende sawasawa juu ya ikweta, itabidi uikunje ikiwa huko huko juu.” Nikamuuliza kuikunja ni bei gani. Akapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya stima, akanionyesha: inataka nguvu ya kubadili karibu nusu ya kasi yote iliyopatikana kwa shida ile. Ni kama kufika Zanzibar halafu uambiwe ulipe nusu ya safari tena ili ugeuze omo tu. Scout ilikuwa roketi ndogo, haikuwa na akiba hiyo. Kutoka Ngomeni, nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, haikuwa na haja ya kuikunja.

Kwa hiyo thamani ya Ngomeni ilikuwa mwelekeo kuliko msukumo, tena kwa mizigo inayotaka kuzunguka juu ya ikweta. Taifa-1 haikutaka hivyo. Ni setilaiti ya kupiga picha za mashamba na ardhi, na ya namna hiyo huzunguka kupitia ncha za dunia, kaskazini hadi kusini, ili ardhi ikizunguka chini yake iione yote. Kwa njia hiyo mzunguko wa dunia haukusaidii kitu. Kwa kweli inabidi uufute. Ndiyo maana tarehe 15 Aprili 2023 iliondoka Vandenberg, California, ambako roketi huelekezwa kusini juu ya bahari tupu. Tungeirusha kutoka Ngomeni, mjukuu wangu amechora mstari kwenye ramani, roketi ingeelekea Pemba, kisha ikaingia juu ya bara la Tanzania. Ni nani atakayewaambia watu wa Wete na Chake Chake wakae ndani kwa sababu sisi tunataka kuokoa nauli?

Na nauli yenyewe ilikuwa ngapi? Mradi wote wa Taifa-1, kuunda na kurusha, ulitangazwa kuwa kama shilingi milioni 50. Ilipanda pamoja na mizigo mingine 50 katika safari moja, kama abiria wa basi la usiku. Kabla yake, mwaka 2018, kisanduku kidogo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, chenye upana wa sentimita 10 kila upande, kilipata nafasi kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, kikapelekwa hadi kituo cha kimataifa cha anga na kuachiliwa kutoka chumba cha Kijapani kiitwacho Kibo, bila Kenya kutozwa nauli. Ndugu yangu anaona aibu tuliposafiri na chombo cha watu. Mimi nimeandika nauli za matajiri wa Mombasa waliokuwa na maduka mtaa mzima na hawakuwahi kumiliki hata mtumbwi.

Kuna mfano mmoja ambao kila nikiufikiria naona ulikuja makusudi kutufundisha sisi wa Ngomeni. Tarehe 9 Desemba 2021 NASA na Waitaliano walirusha setilaiti iitwayo IXPE. Nayo ni ya kuchunguza miale ya eksirei, kazi ileile ya Uhuru. Nayo ilitaka njia ileile, juu ya ikweta. Uzito wake ni kama kilo 330. Kama ikweta ndiyo nauli rahisi, basi mzigo huu ulikuwa wetu. Lakini uliondoka Florida, ndani ya Falcon 9 ambayo sehemu yake ya chini ilikuwa imeshatumika, ukiwa peke yake katika chombo kinachoweza kubeba tani 22. Akiba yote ya nguvu iliyobaki ilitumika kuikunja njia kutoka nyuzi 28 hadi ikweta, kile ambacho Scout ya 1970 haikukiweza. Gharama yote ya kuirusha NASA ilisema ni kama dola milioni 50.3.

Gawanya kwa kilo 330. Unapata zaidi ya dola 150,000 kwa kilo. Mtu aliyesikia redioni kwamba siku hizi kilo ni dola 2,700 atadhani NASA imeibiwa. Haikuibiwa. Hizo 2,700 ni bei ya chombo kilichojaa kabisa kwenye daftari la karani, kwenda mahali chombo kinapotaka kwenda. Ukitaka kuondoka siku yako, kwenda njia yako, unakodi chombo kizima, ujaze au usijaze. Nimekodisha majahazi kwa maharusi waliokuwa na masanduku sita na kitanda kimoja, na walilipa nauli ya tani 60. Anayetaja bei ya kilo bila kutaja mzigo unakwenda wapi na unasafiri na nani, bado hajataja bei.

Ndiyo hapo nataka ndugu yangu akae kitako. Vyombo vikubwa vinavyorudi na kuondoka tena, kimoja kila siku mbili tatu, vimeweza kununua ule mwelekeo ambao Mungu alitupa sisi bure, na bado vikatoza bei inayokubalika. Jukwaa letu lilirusha setilaiti 9 kati ya Aprili 1967 na Machi 1988. Ni 9 kwa miaka 21. Jukwaa, boti, walinzi, kutu, mishahara, vyote hulipwa kila mwezi, roketi iruke isiruke. Gawanya hayo kwa safari 9 uone kila moja inabeba mzigo gani kabla hata roketi haijanunuliwa. Jirani zetu nao wameingia katika ndoto hii: Djibouti ilitia saini makubaliano ya awali ya dola bilioni 1 na kampuni ya Hong Kong mwaka 2023, na Uturuki imetangaza itajenga kituo cha kurushia Somalia. Ikiwa kuna mteja mmoja wa obiti ya ikweta kwa mwaka, tutamgawana vipi sisi watatu?

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye hati yoyote ya shehena. Tarehe 30 Desemba 2024 watu wa kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, walishuhudia pete ya chuma ya kama kilo 500, kipenyo chake mita 2.5, ikitua kutoka mbinguni. Shirika letu la anga za juu lilisema, kwa tathmini ya mwanzo, kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini mtu wa Mukuku hana setilaiti, hakulipwa nauli na hakuombwa ruhusa. Mwenye kuangusha farumi yake katika shamba la mwenziwe anadaiwa, hata kama chombo kimeshafika salama kilikokwenda. Tunapozungumzia bei kushuka, naomba tujiulize pia ni sehemu gani ya bei hiyo imehamishiwa kwa watu wa chini.

Msinisome kama mzee anayeidharau pwani yake. Utajiri wa ikweta upo, nami nauona kila siku kutoka barazani kwangu, ila haupo pale ndugu yangu anapoutafuta. Setilaiti ya karibu na dunia inayozunguka juu ya ikweta hupita juu yetu kila inapozunguka, kama kila saa moja na nusu na ushei. Inapopita inataka sikio la kuishusha habari zake. IXPE, iliyoondoka Florida, hushusha habari zake kwenye antena za kituo cha Waitaliano kiitwacho Luigi Broglio, hapa Malindi. Setilaiti za Swift na AGILE nazo zimetegemea sikio hilihili, na AGILE ilirushwa kutoka India mwaka 2007. Roketi za Ariane zikitoka Guyana ya Kifaransa kuelekea mashariki, kituo hiki huzifuatilia. Siku ya Krismasi ya 2021, darubini kubwa ya James Webb ilipoachana na roketi yake, antena za Malindi zilikuwa miongoni mwa zilizopokea ishara zake za mwanzo. Jambo hilo lilitokea alasiri, watu wa Ngomeni wakirudi kutoka kuogelea, na hakuna aliyewaambia.

Angalia basi biashara inaelekea wapi. Kadiri nauli ya kupanda inavyoshuka, ndivyo setilaiti zinavyoongezeka. Januari 2021 safari moja tu ilipakia 143. Kila moja iliyopanda lazima izungumze na ardhi kwa miaka. Kurusha ni siku moja. Kupokea ni kila siku mpaka chombo kife. Bandarini tulisema majahazi hutajirisha watu wawili, mwenye chombo na mwenye ghala, na mwenye ghala ndiye anayelala usiku.

Kwa hiyo serikali ikipata shilingi bilioni moja ya mambo ya anga, mimi ningeomba isizike saruji ya kituo cha kurushia hata mfuko mmoja kwanza. Inunue nafasi katika safari za kuchangia kwa setilaiti tano, sita, ndogo za vijana wetu, hata kama mbili zitakufa, maana fundi hujifunza kwa chombo chake cha kwanza. Iongeze antena zetu wenyewe. Iajiri wanaojua kuzisoma picha za mashamba ya Kitui na malisho ya Marsabit kabla ukame haujafika, maana setilaiti isiyosomwa ni mzigo uliofika bandarini ukakosa wa kuupokea. Na yeyote atakayekuja Kilifi na ramani za kituo cha kurushia aulizwe mbele ya wananchi: mizigo ya nani, kwenye njia gani, safari ngapi kwa mwaka, bima analipa nani, na vipande vitaangukia wapi. Akiyajibu matano hayo kwa tarakimu, nitakuwa wa kwanza kumpa kiti.

La mwisho ni ombi kwako wewe, Mhariri. Nimeambatisha nakala ya hesabu ya mjukuu wangu ya kuikunja njia ya roketi, ameiandika upya vizuri kwenye karatasi, na mchoro wa chungwa umo. Naomba uichape kando ya barua hii. Gazeti lako hubandikwa ukutani pa duka moja hapa kijijini, na wanafunzi wa sekondari husimama kulisoma wakitoka shule. Wengine wao baba zao walikuwa ufuoni pamoja nami siku ile ya 1970.

Karani mstaafu wa shehena,
Ngomeni, Kilifi